Dawa Isiyofika Vidoleni

Kila anayeniona mara ya kwanza ana dawa. Kondakta wa daladala ya Raskazone anayo, aliachiwa na babu yake kule Pangani. Mama anayeniuzia vitumbua anayo, ya habasoda na asali. Mzazi mmoja alikuja shuleni kulalamikia matokeo ya mwanawe, akaondoka matokeo kayasahau, kaniachia namba ya simu ya mtu wa Kigoma. Wote hawa wananitakia heri. Sijapata kutajiwa dawa kwa ubaya. Ila dawa zao, ziwe za kunywa, za kupaka au za kusomewa, zinafanana kwa jambo moja: hazina mpaka. Zinarudisha rangi mwili mzima, kwa kila mtu, tena upesi. Siku hizi nasikiliza hadi mwisho, kisha nauliza: na vidoleni je? Akinijibu "kote, Mwalimu, kote," najua huyo hajawahi kumtibu mtu.

Nafundisha Baiolojia Tanga mjini. Mbalanga ilinianza mwaka 2011, kwenye pembe ya mdomo. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekaa dawati la mbele alininong'oneza, "Madamu, una chaki mdomoni." Nikajifuta, nikaendelea na somo. Kesho yake akaniambia tena, safari hii kwa aibu kidogo, nami nikajifuta tena ingawa asubuhi ile nilikuwa nimeshajitazama kwenye kioo. Kwa muda mrefu chaki ilinitunzia siri. Mwalimu mwenye vidole vyeupe nani atamshangaa? Hata madoa yalipotokea kwenye ncha za vidole na kupanda mgongo wa kiganja, nilikuwa nikimaliza kipindi nachelewa kunawa makusudi.

Kwenye zahanati niliyoanzia, mhudumu alinitazama kwa mbali akaandika dawa ya fangasi. Simlaumu sana. Katika joto na jasho la pwani, utangotango umejaa migongoni na vifuani mwa watu, nao huacha madoa meupe. Lakini weupe wa utangotango ni wa kufifia, na ukiukwangua kwa ukucha hutoa ungaunga. Wangu ulikuwa weupe pee, laini, hauwashi, hauumi, hautoi kitu. Nilipaka dawa ile mpaka tyubu ikawa bapa, na doa halikusogea.

Nyumbani, shangazi yangu aliyenilea alikuwa ameshatoa hukumu: nilikula samaki nikashushia maziwa. Waarabu wanaamini hivyo, Wahindi wanaamini hivyo, na wazee wetu wa pwani hawana shaka nalo. Kwa shangazi mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa mtu aliyekosa adabu ya chakula. Nikamwambia, "Shangazi, mbona wavuvi wa Sahare hawana?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele aliokuwa anapepeta, "Wavuvi wana ng'ombe?" Nikakosa la kusema.

Ni yeye aliyenipeleka kwa mzee mmoja upande wa Muheza. Mzee hakuwa tapeli. Malipo yake yalikuwa kuku, na hata huyo kuku alisema nimlete nikipona. Dawa yake ilikuwa mafuta meusi yanayotoka kwenye ganda la korosho mbichi. Aliyewahi kuchoma korosho nyumbani anayajua mafuta yale: tone moja likimrukia mtu, ngozi huungua na kuvimba. Hoja ya mzee ilikuwa na mantiki yake. Ngozi iliyoharibika ivuliwe, iote mpya yenye rangi. Usiku ule ule malengelenge yakajaa mkononi, yakapasuka, yakakauka, na ngozi mpya ikaota kweli. Ikaota nyeupe. Tena ikavuka mpaka wa doa la kwanza kwa upana wa kidole.

Jambo hili lina jina katika vitabu. Daktari wa Kijerumani Heinrich Koebner alilieleza mwaka 1872 akizungumzia maradhi mengine ya ngozi: kwamba ngozi ya mgonjwa ikijeruhiwa, ugonjwa huhamia pale pale palipojeruhiwa. Mbalanga nayo ina tabia hiyo. Nilipolijua hilo, mwili wangu ukaanza kusomeka. Doa la kifundo cha mkono lilikaa chini ya bangili. La begani lilifuata ukanda wa sidiria. Miguuni, weupe ulichora mstari ule ule wa mkanda wa kandambili, na kiunoni ulikuwa mahali ninapokaza kanga ninapofanya kazi za nyumbani. Sehemu zinazosuguliwa ndizo zilizotangulia. Bangili nikazivua. Kanga siwezi kuiacha, lakini siikazi tena kama zamani.

Aliyenipa mwanga hasa alikuwa tabibu wa kliniki ya ngozi, mwanamke wa makamo, mchache wa maneno, aliyesomea Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Huchukua matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kikawanoa, kikawarudisha makwao, kwa kuwa madaktari bingwa wa ngozi katika ukanda wetu ni wachache mno. Bila kituo kile, mtu wa kuisoma ngozi yangu ningempata Dar es Salaam, au nisingempata kabisa.

"Funga macho, Mwalimu," aliniambia. Akasokota pamba mpaka ncha yake ikawa nyembamba, akawa ananigusa nayo mkononi, mara kwenye doa, mara pembeni ya doa, nami nasema "hapo" kila ninapoihisi. Niliihisi kote. Alikuwa anautafuta ukoma, wala hakunificha. Doa la ukoma hufifia, haliwi jeupe kabisa, na mara nyingi huwa limekufa ganzi. La mbalanga hutakata, na linahisi sawasawa na ngozi nyingine. Mimi mwenyewe nafundisha kwamba ukoma ni bakteria na unatibika kwa vidonge. Hata hivyo, nilipofumbua macho, blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni kwa jasho.

Kisha akavuta pazia, akazima taa ya chumba, akawasha taa ya Wood. Ni taa ya urujuanimno iliyopewa jina la mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood. Chini yake, mahali palipopoteza rangi kabisa hung'aa kwa samawati iliyopauka. Niliiona mikono yangu ikiwaka gizani, na pamoja nayo madoa ambayo sikujua ninayo: kwenye kope, nyuma ya sikio, gotini.

Baada ya hapo akafanya kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa amefanya. Alishika lenzi akaanza kutazama nywele laini za mikononi, doa kwa doa. "Hapa nyeusi. Hapa nyeusi. Hapa zimeshageuka." Akachora umbo la mtu kwenye karatasi, akaligawa kwa kalamu. Uso, alisema, una nafasi nzuri nikivumilia. Mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo, sehemu tu. Midomo, ncha za vidole na migongo ya vidole vya miguu, nisitegemee.

Nilitoka pale nimekasirika. Nilikwenda kutafuta dawa nikapewa ramani ya mahali dawa haitafika.

Ilinichukua muda kuona kwamba ramani ile ndiyo ilikuwa tiba ya kwanza ya kweli niliyopata. Sababu zake nazifahamu, ni mambo ya darasani. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli maalumu zilizotawanyika chini ya tabaka la juu. Katika mbalanga, kinga ya mwili huzigeuka seli hizo: chembe nyeupe za damu, za aina inayoitwa T, huzivamia na kuziua kana kwamba ni vijidudu. Haiambukizi, haina uhusiano na usafi, na humpata Mzungu na Mwafrika kwa kiwango kile kile. Makadirio ya dunia huwa kati ya nusu asilimia na asilimia mbili ya watu. Kwa Mzungu haionekani sana, ndiyo tofauti. Sasa, kwenye shina la kila unywele kuna akiba ya seli changa za rangi, zimejificha, uvamizi hauzifikii kwa urahisi. Dawa ikituliza vita juu, akiba ile hupanda taratibu na kusambaa. Rangi, kwa hiyo, hairudi kwa kuingia kutoka kingoni peke yake. Huchipuka kwenye mashina ya nywele. Penye nywele nyeusi kuna akiba. Penye nywele zilizogeuka nyeupe akiba imekwisha. Ncha ya kidole haina unywele, mdomo hauna unywele. Hapo mtu apake nini?

Cheti alichoniandikia tabibu kilinipeleka famasi, na famasi ndiko nilikokutana na kichekesho cha maradhi haya. Dawa ilikuwa krimu ya klobetasoli, steroidi kali, ya kutuliza kinga kwenye madoa ya mikononi. Kando yangu alisimama msichana wa miaka kama ishirini na kitu, mrembo, kucha ndefu. Naye alitaka klobetasoli, tyubu mbili. Muuzaji akaziweka zote tatu pamoja kwenye kaunta. Mimi nainunua ili rangi irudi. Yeye anainunua ili rangi yake imtoke. Krimu ile ikipakwa ovyo kwenye ngozi nzima huipausha na kuikondesha, ndiyo maana watengeneza mkorogo huipenda, wakaichanganya na haidrokwinoni, na wengine na sabuni zenye zebaki. Serikali imepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo miaka mingi, lakini mkorogo haujawahi kukosa mnunuzi. Msichana yule alinitazama mdomoni kwa huruma ya dhati. "Pole dada," akasema kwa sauti ya chini. "Ulizidisha?"

Hilo ndilo jeraha ambalo madaktari hawana fomu ya kulijazia. Mwanaume mwenye mbalanga huulizwa amepatwa na nini. Mwanamke huulizwa amejipaka nini. Sokoni nimesikia nyuma yangu, "mkorogo umemkataa yule." Nani alimwamini Michael Jackson? Februari 1993 alimweleza Oprah Winfrey mbele ya mamilioni ya watazamaji kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi yake na kwamba hana uwezo nao. Alipofariki Juni 25, 2009, uchunguzi wa mwili ulithibitisha kwamba ni kweli alikuwa na vitiligo, yaani mbalanga. Tarehe hiyo ya kifo chake ndiyo watu wenye maradhi haya duniani waliyoichagua iwe siku yao, tangu 2011. Pamoja na hayo yote, wanafunzi wangu, waliozaliwa baada ya wimbo wake wa mwisho, bado huniambia kwa uhakika kwamba alijichubua. Huwa natumia dakika kumi za kipindi kwa ajili yake. Silabasi haitaki, lakini nafanya.

Kuna muuza vipodozi aliyenipa shauri ambalo sijalisahau: "Kwa nini usimalizie tu, dada? Uwe rangi moja." Alidhani ni utani, kumbe kuna tiba ya hivyo. Mwaka 1939 iliripotiwa Marekani kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliovaa glavu za mpira walipoteza rangi mikononi hadi zilipoishia glavu. Mkosaji alikuwa kemikali iliyowekwa kwenye mpira usichakae. Kemikali hiyo, monobenzoni, baadaye ikawa krimu ya kuondoa rangi iliyobaki kwa watu ambao mbalanga imeshachukua sehemu kubwa ya mwili. Nilimuuliza tabibu wangu. Akasema kwa mtu mwenye madoa kama yangu ni wazimu: rangi ikishaondoka kwa njia hiyo hairudi tena, na jua la Tanga unalijua. Nikafikiria jambo jingine ambalo hakulitaja. Katika nchi hii wapo watu waliouawa na kukatwa viungo kwa sababu ngozi yao haina rangi. Kuwa mweupe hapa si suala la vipodozi.

Basi nikapaka. Mikononi klobetasoli, kwa vipindi, na kupumzika katikati ili ngozi isikonde. Usoni, ambako steroidi kali haifai kukaa, takrolimusi, marhamu ambayo bei yake ilinifanya nirudi dirishani kuuliza kama nimesikia vizuri. Tabibu alinipa sharti moja: nisijitazame kila siku. Nipige picha mwisho wa mwezi, mahali pale pale, saa ile ile. Nilichagua dirisha la maabara ya shule. Mwezi wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Ni hapa ndipo dawa nyingi za kweli hufia mikononi mwa watu. Mtu hupaka wiki sita, anaona kimya, anaiacha, anakwenda kwa mtu wa Kigoma, na ile dawa aliyoiacha inabaki na jina baya mtaani.

Kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula nikachukua lenzi ya maabara, nikaweka mkono juu ya ubao wa dirisha. Katikati ya weupe kulikuwa na vitone vya kahawia, kila kimoja kimezunguka unywele wake, kama punje za ulezi zilizomwagika juu ya kitambaa. Nilivihesabu, nikakosea, nikaanza upya. Kengele ikalia, darasa likaanza kuingia, na wanafunzi wakanikuta nimejiinamia nautazama mkono wangu. Nikawaita wapite mmoja mmoja na lenzi. Mpaka leo kuna wawili wakikutana nami mjini huniuliza kama vitone viliungana. Viliungana, si vyote.

Mwanga nao ni tiba, na una habari yake ndefu, sehemu yake imeanzia hapa hapa Afrika. Karne ya 13 mtaalamu wa mimea Ibn al-Baytar alishaandika juu ya mmea unaomezwa na mgonjwa kisha akaota jua. Miaka ya 1940 daktari wa Misri, Abdel Monem El Mofty, akaichukua kemikali iliyotolewa kwenye mbegu za mmea huo uotao bonde la Nile, akawatibu nayo wagonjwa wa mbalanga, na hapo ndipo tiba ya kisasa ya mwanga ilipoanzia. Mwaka 1997 Waholanzi wakaonyesha kwamba taa ya urujuanimno ya wimbi jembamba, nanomita 311, inafanya kazi bila mgonjwa kumeza kitu. Leo ndiyo tiba inayoshika nafasi ya mbele pale madoa yanapokuwa mengi. Kwenye karatasi, ni tiba rahisi: unasimama ndani ya kabati lenye taa, dakika chache, umefunika macho.

Ugumu upo kwenye kalenda. Unatakiwa mara mbili au tatu kwa wiki, na usitoe hukumu kabla ya miezi sita. Taa niliyoelekezwa ilikuwa Dar es Salaam, katika hospitali ya binafsi. Likizo ya Desemba nikahamia kwa mdogo wangu Mbagala. Nilipanda daladala, nikasimama kwenye taa, nikarudi, na ngozi ya usoni ikaanza kuitikia vizuri kuliko ilivyokuwa kwa marhamu peke yake. Shule zikafunguliwa. Mwalimu hawezi kuomba ruhusa tatu kila wiki kwenda kusimama kwenye kabati. Nikarudi Tanga, na taa ikabaki Dar. Tunapozungumza kwamba tiba haifanyi kazi, tuwe tunatenganisha: imeshindwa na ugonjwa, au imeshindwa na nauli?

Jua, mtasema. Jua tunalo. Tabibu aliniruhusu dakika chache za asubuhi, akinionya kwamba doa halina kinga, huungua kabla ngozi ya jirani haijapata joto, na kuungua ni kujeruhiwa. Koebner tena. Nimewaona watu walioambiwa "ota jua" wakaliota saa saba mchana ufukweni, wakarudi na malengelenge na madoa mapya.

Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 2017 watafiti wa Korea Kusini walikusanya tafiti nyingi za taa ile, wakazijumlisha. Kwa waliotibiwa miezi sita au zaidi, walioona rangi ikirudi kwa robo tatu ya doa au zaidi walikuwa kama 44 kati ya kila 100 kwa uso na shingo, 26 kwa kiwiliwili, 17 kwa mikono na miguu. Viganjani na kwenye nyayo, kuanzia vifundo kwenda nje: sifuri. Nilitoa ile karatasi ya tabibu yenye mtu aliyechorwa kwa kalamu, nikailinganisha. Alikuwa ameniambia hivyo hivyo, miaka kadhaa kabla, kwa lenzi na macho yake.

Ndiyo maana krimu mpya ya ruksolitinibu iliponifikia kwa habari, sikupandwa na jazba wala sikuidharau. Iliidhinishwa Marekani Julai 2022, dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya kurudisha rangi kwa wenye mbalanga. Inakata ule mlolongo wa ishara ambao kinga ya mwili huutumia kuita askari zaidi ngozini. Katika majaribio yake, baada ya wiki 24, kama watu 30 kati ya 100 walirudishiwa angalau robo tatu ya rangi ya uso, dhidi ya takriban 10 waliopakwa krimu isiyo na dawa. Thelathini. Watu wanaona ni namba ndogo. Mimi naiona ya heshima, kwa sababu waliobaki 70 nao wamehesabiwa. Tyubu moja huko ilianza kuuzwa karibu dola 2,000, kwa hiyo kwa mwalimu wa Tanga bado ni habari za kusoma.

Kuna mambo ambayo rangi ikirudi au isiporudi yanakwenda njia yake. Mwaka ule binti wa kaka yangu alipoposwa, washenga walikuja wakala, wakasifu pilau, kisha mmoja wao akazunguka zunguka mpaka akafika: yule mwalimu wenu, yale ni maradhi ya ukoo? Nilikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa nusu. Nilijua jibu la kitabu. Urithi una mkono wake, lakini wengi wenye mbalanga hawana mzazi mwenye nayo, wala watoto wao walio wengi hawaipati. Ni jibu refu, lina "lakini" nyingi, na posa haingoji "lakini". Shangazi akaniokoa, au akaokoa pilau yake. "Ukoo gani?" akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Yule alikula samaki na maziwa. Mbishi tangu utotoni." Washenga wakaguna, wakaridhika. Arusi ilifanyika. Sijawahi kumsahihisha shangazi tena juu ya samaki.

Siku hizi uso wangu umerudi kwa sehemu kubwa, isipokuwa ile pembe ya mdomo. Mikono ni mchanganyiko. Vidole ni vyeupe vyote kumi, na nimeacha kuvifanyia chochote isipokuwa mafuta ya kukinga jua. Wanafunzi wa sasa huniletea simu kunionyesha Winnie Harlow, mwanamitindo wa Kanada mwenye mabaka kama yangu, wakisema nami ningekuwa hivyo. Nawaambia yeye analipwa kwa mabaka, mimi nalipwa kwa usanisinuru.

Juzi alikuja mama mmoja na bintiye wa darasa la nne. Mtoto ana doa kwenye kope, kope zenyewe bado nyeusi, na jingine kwenye ncha ya kidole gumba. Mama alikuwa amesikia kwamba mimi nilipona, akataka jina la dawa. Nikampeleka mtoto dirishani nikamtazama vizuri, nikamweleza mama siku ya kliniki ya ngozi, nikamwambia asimpake kitu kabla ya kwenda, na aombe mtoto atazamwe nywele za doa.

"Lakini atapona, Mwalimu?"

"La jichoni lina nafasi nzuri, tena huyu ni mtoto. Ila itachukua miezi, huenda mwaka. La kidoleni sidhani."

Akakaa kimya, akamvuta mtoto karibu. Niliona sijampa alichokuja kukichukua.

"Basi Mwalimu, ahsante. Ngoja nikaulize na kwingine."

"Uliza tu, mama. Ila mtu akitaja korosho, mchukue mtoto mwondoke."